Bure, lakini nani anabadilisha matimba?

Andika Rwamgasa. Halafu andika Lwamgasa. Halafu andika Rwamagasa. Kwa mtu wa Katoro anayepanda bodaboda kwenda huko, yote hayo ni pale pale, nauli ile ile na vumbi lile lile. Kwa kompyuta ni sehemu tatu tofauti, na mbili kati ya hizo huenda hazipo duniani.

Siwatanii jamani. Wataalamu wa jiolojia wa Uingereza waliokuja kupima zebaki kwenye vijito na udongo wa hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliandika Rwamagasa. UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa lililoendesha ule mradi mkubwa wa zebaki kuanzia 2002 hadi 2007 katika nchi sita (sisi, Zimbabwe, Sudan, Brazili, Indonesia na Laos), nao kwenye ripoti zao ni Rwamagasa. STAMICO walipojenga kituo cha mfano cha kuwafundisha wachimbaji wadogo kuchenjua dhahabu bila zebaki, wakaandika Lwamgasa, kama inavyoandikwa kata kwenye orodha za serikali. Na watu wengine, mimi nikiwemo, tunaandika Rwamgasa kwa sababu ndivyo tunavyosikia. Huku Kanda ya Ziwa r na l zinapishana kama bodaboda kwenye daraja jembamba, kila mmoja anaamini mwenzake ndiye atakayepisha.

Sasa mchukue kijana mmoja, mtengeneza programu, yuko Mwanza au Kahama au hata Dar, ana laptopu yake na bando la wiki. Anataka kitu rahisi tu: aunganishe vipimo vya zebaki vya miaka ile na orodha ya zahanati za leo na ramani ya machimbo, aone akina mama wajawazito wa eneo lenye zebaki nyingi wana zahanati umbali gani. Jambo la maana kabisa. Data zote tatu zipo mtandaoni, na zote ni bure. Anaziunganisha kwa jina la mahali. Jibu linakuja: sifuri. Hakuna linalolingana.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee. Kijana huyu hakukosa akili wala mashine wala data. Amekosa saraka, kitabu kimoja cha bure mtandaoni kinachosema: mahali hapa panaitwa hivi, na hivi, na hivi pia, namba yake ni hii, papo hapa kwenye ramani, zamani palikuwa mkoa fulani, sasa ni mkoa fulani. Kitabu ambacho programu yake inaweza kukiuliza usiku wa manane bila yeye kuandika barua kwa katibu tawala.

Wale wakubwa kidogo mnakikumbuka kitabu cha simu cha TTCL, kile kinene kilichokuwa kinawekwa chini ya simu ya mezani. Ukifungua nyuma unakuta kurasa za njano na matangazo ya gereji, mawakili na maduka ya vipuri. Watu walikiona kama kitu cha bure. Hakikuwa bure. Yule wa gereji alikuwa amekilipia. Na kila toleo jipya lilipotoka kulikuwa na mtu aliyekaa akafuta waliohama, akaongeza waliokuja, akasahihisha majina. Mtu huyo alikuwa na mshahara. Mtandao umetusahaulisha kabisa kwamba mtu huyo lazima awepo.

Msiniambie hatuna kitu. Tunavyo vingi, na vingine vizuri sana. Kuna GeoNames, orodha ya majina ya mahali ya dunia nzima iliyoanzishwa na Marc Wick wa Uswisi, ambayo watengeneza programu wengi wanaitumia bila hata kujua kwamba wanaitumia. Kuna OpenStreetMap, ramani huria aliyoianza Steve Coast kule Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na yeyote anaweza kuipakua. Kuna vifurushi vya programu viitwavyo mtaa, vilivyotengenezwa na vijana wa hapa hapa, vinavyokupa mikoa, wilaya, kata na mitaa ya Tanzania kwa mstari mmoja au miwili ya Python au JavaScript. Wizara ya Afya ina rejesta ya vituo vya kutolea huduma, kila kituo na namba yake. IPIS, taasisi ya Antwerp, Ubelgiji, ilituma watu kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kaskazini magharibi mwa nchi na mwaka 2019 ikatoa ramani ya wazi. Na serikali yetu yenyewe ilizindua Operesheni Anwani za Makazi Februari 2022, vibao vikapigwa kwenye nyumba hadi vijijini, vikaingizwa kwenye mfumo wa NaPA. Kwa hiyo kujenga tunajua. Wafadhili wanajua kujenga, serikali inajua kujenga, na vijana wakipewa wikendi moja na soda watajenga.

Kinachotushinda ni mwaka wa tatu.

Nitoe mfano ambao kila mtu wa huku anaujua. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulizaliwa. Geita yenyewe ilikatwa kutoka Mwanza, Bukombe ikatoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera, na wilaya mpya za Mbogwe na Nyang'hwale zikaanza. Mwaka huo huo vikazaliwa Simiyu, Katavi na Njombe, na 2016 ikafuata Songwe. Kila orodha iliyokuwa mtandaoni siku moja kabla ikawa ya uongo siku moja baada. Haikuharibika, seva haikuzima, hakuna mdudu wala virusi. Ilikaa vile vile tu na ikawa ya uongo. Mwaka juzi nilikuwa natuma kifurushi kuja Rwamgasa kwa kampuni moja ya usafirishaji ambayo sitaitaja. Fomu yao ikanitaka nichague mkoa, nikakuta Geita iko chini ya Mwanza, zaidi ya miaka 10 baada ya kutengana! Mtu wa dukani akaniambia, "Weka tu Mwanza, dereva anajua." Ndiyo, dereva anajua. Dereva ndiye saraka yetu, na akistaafu tumekwisha.

Na hiyo ni mipaka ya serikali, ambayo angalau inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Machimbo je? Huku rashi ikitokea, shamba la mihogo linakuwa mji ndani ya wiki mbili. Kuna maduara, makarasha yananguruma, mwalo wa kusafishia, mama ntilie, duka la dawa, kibanda cha kuchaji simu, na nyumba za turubai mia kadhaa. Miezi sita baadaye dhahabu imekata na watu wamehamia rashi nyingine, yamebaki mashimo na mabua. Satelaiti ilipiga picha siku gani? Kabla, katikati au baada? Hapa saraka isiyoguswa kwa mwaka mmoja ni hatari kuliko kutokuwa na saraka, kwa sababu inampeleka mtu wa chanjo kwenye kijiji cha mabua na kumpitisha pembeni ya kijiji cha watu 2,000.

Kwa hiyo gharama iko wapi? Wengi wakisikia tovuti ya bure wanadhani gharama ni seva. Seva ndiyo rahisi kuliko vyote. Orodha ya kata na vijiji vyote vya nchi hii inaingia kwenye simu ya mkononi na nafasi inabaki ya kuweka taarab. Gharama ni mtu anayepokea taarifa kwamba zahanati fulani imekuwa kituo cha afya, anayepiga simu kuhakikisha, anayekataa sahihisho la mtu anayetaka kijiji cha mjomba wake kiitwe mji, anayeamua kati ya Rwamgasa na Lwamgasa lipi liwe jina kuu na lipi liwe jina la pili, na anayeandika sababu. Kazi hiyo haina uzinduzi. Hakuna waziri atakayekuja kukata utepe kwa sababu majina 40 yamesahihishwa mwezi huu.

Na kwa sababu haina uzinduzi haina mfadhili. Mfadhili anapenda mradi wa miaka mitatu wenye mwanzo, warsha hotelini, fulana na ripoti ya mwisho. Hata pale anapokuwa na moyo mzuri, moyo wake uko kwenye bajeti ya nchi yake. Mwaka 2025 tumeliona hilo bila kuhitaji miwani. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kabla mwezi haujaisha tovuti ya FEWS NET, ile inayotahadharisha dunia kuhusu njaa, ilikuwa imezimwa. Programu ya DHS, ambayo kwa miaka 40 ilikuwa inasimamia tafiti za afya na idadi ya watu katika nchi nyingi maskini, yetu ikiwemo, ikasimamishwa. Hadi Julai USAID yenyewe haikuwepo tena. FEWS NET ilirudi baadaye, sawa. Lakini fikiria wewe ndiye uliyejenga programu inayosoma data zao kila asubuhi. Asubuhi moja unaamka, mlango umefungwa, na hujui uulize nani.

Kuna mfano wa zamani zaidi na wa karibu na lugha yetu. Mwaka 1994 Martin Benjamin, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Yale, alianza kamusi ya Kiswahili mtandaoni ambayo watu wangeichangia maneno. Mwaka 1994! Wengi wenu mnaosoma hapa hamjui hata intaneti ilikuwa na sura gani wakati huo. Kamusi Project ilitumiwa na wanafunzi, watafsiri na waandishi duniani kote. Sifa ilipata. Fedha ya kudumu haikupata. Ikahama kutoka Yale, ikaishia Uswisi, na miaka yote hiyo mwanzilishi wake akawa anaeleza hadharani kile kile: watu wanataka kamusi ya bure, lakini ni vigumu kumpata wa kulipia kazi ya kuitunza. Sisi wenye lugha tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaitumia.

Nimeulizwa mara nyingi, kwa nini mtengeneza programu asitumie tu ramani ya Google, si ipo na inafanya kazi? Anaweza. Mwaka 2018 Google walibadili bei za ramani zao kwa watengeneza programu. Ukatakiwa uweke kadi ya benki, ukapewa kiwango cha dola 200 cha bure kwa mwezi, ukizidisha unalipa. Kwa kampuni ya California hiyo ni hela ya chai. Kwa kijana wa Geita asiye na kadi inayokubalika ng'ambo, mlango ulifungwa siku hiyo hata kabla hajatumia senti. Siwalaumu, ni biashara yao. Ila kitu unachopewa na mwenye biashara kina masharti ya mwenye biashara, na anaweza kuyabadili siku yoyote. Isitoshe, anachora pale wateja wake walipo. Ndiyo maana Masaki utaona hadi kinyozi, na Rwamgasa utaona barabara moja na rangi ya kijani.

Walioijaza hiyo rangi ya kijani ni watu wa kujitolea. Ramani Huria ilianza 2015 Dar, wanafunzi wa vyuo wakichora mitaro na nyumba kwenye mabonde yanayofurika, kwa fedha za Benki ya Dunia na wengine. Mwaka huo huo Crowd2Map ya Janet Chapman ikaanza kuchora vijiji, hasa kusaidia wasichana wanaokimbia kukeketwa kule Serengeti wafikiwe haraka. Watu wa ng'ambo wanachora paa za nyumba kutoka picha za satelaiti, na mtu wa kijijini anaweka majina kwa simu yake. Kazi hii naiheshimu sana. Lakini tuwe wakweli, kujitolea kunachora haraka na kunatunza polepole. Mtu atajitolea kuchora kijiji kipya kwa sababu kinasisimua. Mtu yule yule hatajitolea kila robo mwaka kuangalia kama kijiji bado kipo.

Dunia ya programu huria inalijua jambo hili kwa machungu. Aprili 2014 lilipogundulika tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL, programu iliyokuwa inalinda siri za tovuti nyingi mno duniani, benki zikiwemo, watu wakauliza nani anaitunza. Ikaonekana michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Mabilioni yanapita juu ya daraja, na fundi wa daraja anapewa nauli! Baada ya aibu hiyo makampuni makubwa yakachangishana kupitia Linux Foundation. Ujerumani ikaenda mbali zaidi, 2022 ikaanzisha mfuko wa serikali wa kulipia matunzo ya programu huria ambazo uchumi wake unazitegemea. Si hisani. Waliangalia wakaona barabara zao zimejengwa juu ya kitu kisicho na mwenyewe.

Hapa nataka nirudi kwenye machimbo, kwa sababu naamini wachimbaji wa Rwamgasa wameshalitatua tatizo hili zamani na sisi wa kompyuta hatukuwauliza.

Duara linashuka chini mita nyingi. Kuta zake zinazuiwa na matimba, yale magogo yanayopangwa ndani ili udongo usiwafukie watu. Matimba yanaoza. Hayana dhahabu, hayampi mtu sifa, na usipoyabadilisha utasikia habari yako redioni. Nani ananunua matimba? Hakuna anayesubiri mfadhili. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wana lao, na mgao umekubaliwa kabla ya kiroba cha kwanza kutoka. Gharama za kuliweka duara hai ziko kwenye mahesabu kabla ya faida. Wanagombana, ndiyo, tena sana, wakati mwingine hadi kwa mtendaji. Lakini hakuna anayesimama juu ya shimo akasema "matimba ni ya bure, tutaomba mradi".

Basi nami naomba mgao. Nani anachota viroba kwenye saraka za bure? Kampuni za simu zinapopanga minara na mawakala. Benki zinapotafuta wateja vijijini. Wasafirishaji. Makampuni ya sola. Migodi mikubwa. Programu za bodaboda na chakula mijini. Mashirika yanayoandika maombi ya fedha yenye ramani nzuri ukurasa wa pili. Wote hawa wachangie kwa kiwango kinachojulikana, na mtu mmoja mmoja, mwanafunzi na mwandishi wa habari aendelee kupata bure.

Hili linawezekana, halihitaji nabii. GeoNames wanafanya hivyo: data ni bure kupakua, huduma ya kuuliza ni bure hadi kiwango fulani kwa siku, anayetaka zaidi au anayetaka uhakika analipa. Taasisi ya OpenStreetMap inachukua ada ya uanachama ya paundi 15 kwa mwaka kwa mtu, mchoraji hodari anasamehewa, na makampuni yanalipa kubwa zaidi. Sisemi kwamba mfumo huo hauna dosari. Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom waliunda Overture, shirika lao la data za ramani, na sehemu kubwa ya udongo wanaouchenjua ni ule ule uliochimbwa na wachoraji wa bure. Wakubwa hawakosi kutafuta duara lao. Lakini leseni ya OpenStreetMap inawabana: ukiboresha hifadhidata hiyo na kuitoa nje, maboresho yarudi wazi kwa wote. Kwetu pia sharti hilo liwepo siku ya kwanza, liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Na serikali? Hapa najua nitagombana na baadhi ya marafiki zangu. Wanasema serikali ikilipa itatawala. Wana sababu. Hatujasahau 2018, kanuni za maudhui mtandaoni zilipotaka mwenye tovuti ndogo alipe ada zilizoripotiwa kufikia shilingi milioni 2.1, na Juni ile JamiiForums ikafunga kwa muda. Mtu aliyekuwa anatoa kitu cha bure aliambiwa alipe ili atoe kitu cha bure! Kumbukumbu hiyo haifutiki kwa semina.

Bado nasema serikali lazima iwemo, kwa sababu ndiyo inayozaa majina. Mipaka inachora yenyewe, zahanati inasajili yenyewe, vibao vya anwani imepiga yenyewe kwa kodi zetu. Haiwezekani kijana aende kunakili kata moja moja kutoka kwenye kurasa wakati orodha nzima iko kwenye kompyuta Dodoma. Na fedha si hadithi. Serikali iliyoweza kubuni tozo ya miamala ya simu Julai 2021 na kuikusanya ndani ya siku chache inajua vizuri sana hela ya mtandao ilipo. Tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kampuni za mawasiliano zinauchangia ili vijijini nako kufikiwe na mtandao. Mnara ukishasimama Rwamgasa, halafu ramani haijui kama Rwamgasa ipo, tumefikisha mawasiliano au tumefikisha mnara? Fungu dogo la mfuko ule lilipie watu, si majengo. Wasimamizi wachache wa data, labda mmoja kwa kanda. Wasikae wizarani. Wakae chuoni, pale ambapo mtu anaweza kukataa amri na kesho akaendelea kuwa na kazi. Nakala kamili itolewe kila mwezi ili yeyote aihifadhi, na siku wakifunga mlango, wengine watano wawe na ufunguo. Hiyo ndiyo kinga yangu dhidi ya kutawaliwa: nakala nyingi. Naiamini zaidi ya ahadi.

Mnaona nimewaza hili kama jambo la watengeneza programu, na mtu atasema hao ni wachache wenye laptopu, waache wajipange. Basi tuangalie m-mama. Ilianzia huku huku kwetu, Sengerema na Shinyanga, mwaka 2013, kwa fedha za wafadhili, Vodafone Foundation wakiwemo. Mjamzito akipata dharura, inapigwa namba 115 bila malipo, mtu wa zamu anauliza yuko wapi, mfumo unatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo unamtafuta dereva wa jirani aliyesajiliwa, anampeleka mama kituo kinachofaa na analipwa kwa simu. Aprili 2022 Rais Samia alizindua kuisambaza nchi nzima, serikali ikibeba gharama za kuiendesha hatua kwa hatua. Ona kilichofanyika hapo: mradi ulihesabu mwaka wa tatu, na wa kumi. Ndiyo maana upo.

Sasa sikiliza mazungumzo ya simu ile. "Uko wapi?" Mtu wa pembeni anajibu kwa hofu, jina la kitongoji, au la mwalo, au la mwenye duara, kwa matamshi ya Kisukuma au Kizinza. Mtu wa zamu anaandika alivyosikia. Hapo swali la kama orodha inajua kwamba l na r ni pale pale halihusu tena vijana wenye laptopu.

Niliyataja matimba nikiwaza gharama zake pia. Kwa kata kama hii, kazi ya kutunza orodha haifiki siku nzima kwa mwezi. Mtendaji wa kata anajua vitongoji vyote. Mganga mfawidhi anajua zahanati. Mwenyekiti wa wachimbaji anajua rashi imehamia wapi wiki hii, tena anajua kabla ya ofisi ya madini. Simu tatu, fomu moja fupi, bando na posho ya kijana mmoja wa hapa aliyemaliza kidato cha nne na anayeandika vizuri. Zidisha kwa kata za mkoa mzima, ongeza msimamizi mmoja pale chuoni. Weka hesabu hiyo pembeni ya warsha moja ya siku mbili katika hoteli ya Mwanza, na chai ya saa nne, halafu mniambie ipi ni ghali.

Na jina kuu liwe Lwamgasa, kwa kuwa ndilo la kata. Rwamgasa na Rwamagasa yaingie kama majina mengine, na mwaka yalipotumika, ili zile ripoti za zebaki nazo zipatikane.